Karl Weule: mwanajiografia aliyekaa Newala akiuliza habari za maji

Ukitoka Masasi kwenda Newala unaiacha nyuma ile milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja, unapita nchi ya chini, halafu gari linaanza kukwea. Ukishafika juu ni tambarare, mchanga mwekundu, mikorosho na upepo. Mto hakuna. Ukiwauliza wazee watakuambia kwamba zamani maji yalitekwa chini kabisa, kwenye makorongo ya ukingoni, na wanawake waliamka alfajiri kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Sasa swali linalomjia kila mgeni ni lile lile: watu walifuata nini huku juu, wakati maji yako bondeni?

Mwaka 1906 swali hilo lilimkalia kichwani Mjerumani mmoja aliyeweka kambi Newala na daftari lake. Jina lake Karl Weule. Wenzetu wa historia wanamfahamu kidogo. Sisi wa jiografia karibu hatumtaji kabisa, na hilo linashangaza, maana jamaa alisomea jiografia, na jina lake lote la kitaaluma lilikuja kusimama juu ya miezi michache aliyoimaliza Lindi, Masasi, Newala na Mahuta. Namwandika hapa si kwa sababu alikuwa mtu mwema. Namwandika kwa sababu mtu yeyote leo akitaka kujua watu wa uwanda wa Makonde walilimaje, walifinyangaje vyungu na walijengaje nyumba zaidi ya miaka mia moja iliyopita, atake asitake, atapita mlangoni kwake.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1864 huko Alt-Wallmoden, kijiji kilicho karibu na milima ya Harz, Ujerumani. (Sikukuu yake ya kuzaliwa aliisubiri miaka minne minne, na kwa kuwa mwaka 1900 Februari haikufika 29, mara moja aliisubiri minane.) Alisoma Göttingen na Leipzig. Leipzig wakati ule ndiko alikofundisha Friedrich Ratzel, yule ambaye tukifika kwenye mada ya binadamu na mazingira tunamkuta kwenye madesa yetu akiwa amepewa mistari miwili tu. Ratzel alikuwa akisema kwamba vitu wanavyotumia watu, nyumba zao, silaha zao na njia zao za kutafuta riziki havielezeki bila kuangalia ardhi wanayoikalia na njia walizohamia. Kwa hiyo mwanajiografia aliyetoka mikononi mwake hakuishia kwenye mito na mawe. Aliangalia pia jembe, mtego, chungu.

Kutoka hapo Weule alikwenda Berlin, akasoma kwa Ferdinand von Richthofen, mtu aliyelipa jina la Njia ya Hariri umaarufu wake, kisha akapata kazi kwenye jumba kubwa la makumbusho ya mila na tamaduni za mataifa. Kazi yenyewe ilikuwa ya mezani. Meli zilileta masanduku kutoka Afrika na visiwa vya bahari ya Pasifiki, yeye anafungua, anapima, anaandika kadi. Mwaka 1899 alirudi Leipzig na kupata ruhusa ya kufundisha chuo kikuu kwa andiko juu ya mshale wa Kiafrika. Ndiyo, mshale. Namna unavyofungwa manyoya, kichwa chake, uti wake, na aina ipi inapatikana wapi kwenye ramani. Leo mtu akipeleka mada kama hiyo kwa msimamizi wake huenda akarudishwa mlangoni, lakini kwa shule ya Ratzel hiyo ilikuwa jiografia safi: ukijua mshale umesafiri wapi, unajua watu wamesafiri wapi.

Tatizo ni kwamba aliyeandika habari za mshale wa Kiafrika alikuwa hajakanyaga Afrika. Alifundisha miaka kadhaa hivyo hivyo, vitu viko mbele yake na wenyewe hawapo. Hapa hakuwa peke yake, karibu wote walikuwa hivyo.

Nafasi ilikuja mwaka 1906. Serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilikuwa na kamati ya kuchunguza makoloni yake, ikiongozwa na Hans Meyer, yule aliyefika kileleni Kibo mwaka 1889. Kamati ilituma watu wawili Afrika Mashariki. Fritz Jaeger, mwanajiografia kijana, alikwenda kaskazini kwenye nchi ya mashimo ya volkano. Weule naye alipangiwa kaskazini, lakini alipofika Dar es Salaam akaambiwa kuna vurugu upande wa Kondoa-Irangi na hakupitiki. Akageuzwa kusini. Kwa hiyo Masasi na Newala hazikuwa chaguo lake. Alipewa tu kwa sababu kwingine kulikuwa na moto.

Na kusini je? Kusini moto ndio kwanza ulikuwa umezimwa. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi na kabla mwaka haujaisha vilikuwa vimeshuka mpaka huku. Misheni ya Waanglikana ya Masasi, ile iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, ilichomwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na ghala za chakula, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hesabu za waliokufa katika vita vile na njaa yake zinaanzia 75,000 na wanahistoria wengine wamezifikisha karibu 300,000. Weule alishuka Lindi katikati ya mwaka 1906, majivu hayajapoa. Alisafiri na askari wa kumlinda, na mwanzoni alifuatana na bwana mkubwa wa wilaya ya Lindi aliyeitwa Ewerbeck, ambaye ndiye uso wa serikali kwa kila mwanakijiji.

Naomba tusimame hapa kidogo. Kwenye somo la mbinu za utafiti tunafundishwa kuomba ridhaa ya anayehojiwa, tunajaza fomu, anasaini. Hebu fikiria mzee wa kijiji mwaka 1906 anaitwa barazani kuulizwa na mzungu habari za jando, ndoa na mazishi, na pembeni kuna askari wenye bunduki, na mwaka uliopita askari wa serikali hiyo hiyo walichoma maghala. Mzee atasema nini? Atasema kile kinachomwezesha kurudi nyumbani. Kila ninaposoma maelezo ya Weule kuhusu watu wanaamini nini na wanafikirije, nakumbuka wale askari, na naweka alama ya kuuliza pembeni. Lakini anapoeleza namna mwanamke anavyozungusha udongo wa chungu, alama hiyo siiweki, kwa sababu hilo aliliona kwa macho yake na hakuna askari anayeweza kumfanya mfinyanzi afinyange tofauti.

Masasi ilimpokea kwa mandhari. Ile milima ya mawe, Mtandi na wenzake, ndiyo iliyokuwa imemvutia kabla yake mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya sura ya nchi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani aliipa milima ya namna hiyo jina la inselberg, yaani mlima kisiwa. Neno hilo sasa linafundishwa dunia nzima. Mwanafunzi wa kidato cha tano Mbeya au Musoma analikariri kwa ajili ya mtihani, na kumbe nchi iliyolizaa ni hii hii ya kwetu. Sijui kwa nini walimu wetu hawasemi hivyo darasani. Ningekuwa Masasi kwenye mazoezi ya kufundisha, ningeanza kipindi kwa kufungua dirisha.

Chini ya milima hiyo Weule alikuta mchanganyiko wa watu: Wayao, Wamakua, Wamwera, Wamakonde, na wale waliokuwa watumwa wakaletwa na misheni. Wengi hawakuwa wenyeji wa zamani sana. Wayao na Wamakua walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka kusini katika karne ile ile, wengine wakikimbia vita na njaa, wengine wakifuata biashara ya msafara. Mpaka wenyewe ulikuwa na miaka ishirini tu. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma ndiyo iwe mwisho wa huyu na mwanzo wa yule, na hakuna aliyemuuliza mtu wa Newala wala wa Mueda. Watu waliendelea kuvuka. Weule, akiwa mwanafunzi wa Ratzel, mambo haya aliyapenda: nani katoka wapi, nani kamsukuma nani. Sehemu kubwa ya maandishi yake ya kitaalamu inahusu uhamaji huo, na aliyapata kwa kuwauliza wakuu wenyewe, wakiwemo Matola wa Chingulungulu, aliyerithi jina la yule Matola wa kwanza aliyewapokea wamisionari Newala. Chingulungulu alikaa siku nyingi. Alikuwa na msaidizi, Nils Knudsen, Mnorwe aliyeishi kusini muda mrefu na kuzoeana na watu, na nina hakika bila huyo daftari la Weule lingekuwa jembamba. Watu kama Knudsen, wakalimani, wapishi na wapagazi, ndio wanaofanya utafiti kisha profesa anaweka jina. Hii nayo haijabadilika sana.

Alishuka mpaka Ruvuma, akapanda uwanda, akakaa Newala, halafu Mahuta. Huku juu ndiko alikofanya kazi nzuri kuliko zote.

Alichoona ni hiki. Wamakonde hawakukaa katika vijiji vikubwa kama walivyozoea Wajerumani kudai kodi. Walikaa vijumba vichache vichache ndani ya pori zito, pori la miti midogo na mitambaazi iliyosokotana mpaka mtu asiye na njia hapiti. Familia ilifyeka kipande, ikachoma, ikapanda mtama, mahindi, muhogo na kunde, ikavuna misimu michache, halafu ikahama na kufyeka kwingine. Kipande cha kwanza kikarudi kuwa pori. Kwa jicho la afisa wa kikoloni huo ulikuwa uharibifu na uzururaji. Msitu wenyewe pia ulitoa: mpira wa porini uliogemwa kwenye mitambaazi, nta, matunda, nyama ya mtego. Mpira huo ulishuka Lindi kwa biashara, na ndio uliowapa watu shilingi, au tuseme rupia, za kodi.

Na maji? Uwanda ni mchanga uliolala juu ya matabaka ya mawe laini. Mvua ikinyesha haitiririki, inazama. Inakwenda kutokea chini ukingoni kama chemchemi. Ndiyo maana juu kuna ardhi ya kulimika na hakuna maji, na chini kuna maji lakini nako kuna mambo mengine. Weule alishuka mwenyewe mpaka yanakotekwa na kupanda tena, na kwa kweli ukisoma unaona kwamba kwa mara moja alimheshimu mtu aliyebeba mtungi.

Aliposaka sababu, watu wa Mahuta walimpa hadithi. Kwamba hapo mwanzo porini alitokea mtu asiyeoga wala kunyoa. Akachonga sanamu ya mti kwa umbo la binadamu, akaisimamisha, usiku ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma, mtoto akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbwemkuru, mtoto wa pili naye mfu. Wakarudi juu porini Mahuta, mtoto wa tatu akaishi, na ndio mwanzo wa kabila. Wakaachiwa wosia: msikae mabondeni wala karibu na maji mengi, huko kuna maradhi na mauti.

Profesa aliisikiliza, akaiandika, kisha akaiweka kwenye fungu la hadithi. Mimi nadhani aliachia jibu lipite. Ukiitoa ile ngozi ya juu, hadithi inasema watoto wanakufa bondeni na wanaishi mlimani. Mabonde ya Ruvuma yana mbu wa malaria na yalikuwa na mbung'o. Tena mabonde ndiyo yaliyokuwa njia za misafara ya watumwa na njia za Wangoni, waliotwaa mateka Masasi mwaka 1882. Pori la uwandani lilikuwa boma lisilojengwa na mtu. Mwanamke aliyepanda na mtungi alilipa bei ya kila siku, lakini alirudi nyumbani akakuta watoto wapo. Wanahistoria waliokuja baadaye wamelisema hilo la kujificha kwa uwazi. Wamahuta walikuwa wamelisema mwaka 1906 kwa lugha yao.

Jambo lingine linalovutia ni kwamba hadithi hiyo inaanzia kwa mchongaji. Leo Wamakonde wanajulikana Tokyo na New York kwa vinyago vya mpingo, soko lililokua hasa katikati ya karne ya ishirini. Weule alikuta uchongaji upo, barakoa za ngoma zikiwamo, na alizibeba nyingi kwenda Leipzig.

Sasa nije kwenye lile linaloniudhi. Weule alikuwa na kamera, mashine ya kupigia picha za sinema na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Mwaka 1906! Picha zake za sinema za ngoma ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kupigwa Afrika Mashariki kwa ajili ya utafiti. Vifaa hivyo alivipeleka mpaka kwenye unyago wa wasichana. Aliutafuta unyago kila alipokwenda, akakaa, akapiga picha, akatangaza kwenye kitabu. Dada yeyote wa Newala anayesoma hapa anajua kwamba baba yake mzazi hajawahi kuingia humo. Mambo ya unyago yana wenyewe, na mwenyewe si profesa. Wapo watakaosema bila yeye tusingekuwa na kumbukumbu. Nawajibu kwamba kumbukumbu zilikuwepo, zilikuwa kwa makungwi, na nyingi bado ziko kwao.

Afadhali kidogo ni habari ya michoro. Weule aliwapa wapagazi na wanakijiji karatasi na penseli, akawaambia chora unachotaka. Wengi hawakuwahi kushika penseli. Walichora wanyama, ngoma, meli, wazungu, askari. Mmoja wao alikuwa Mnyamwezi, kiongozi wa wapagazi, aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili, ambaye pia alikuwa mwimbaji. Weule alitaka michoro hiyo ili kuthibitisha nadharia za wakati ule kuhusu akili za watu aliowaita wa hali ya chini. Lakini ukiitazama leo, nadharia imekufa na michoro iko hai: unaona jinsi mpagazi alivyomwona mzungu, na si lazima iwe kwa heshima.

Alirudi Ujerumani mwanzoni mwa 1907, baada ya nusu mwaka hivi, na kutoka hapo mambo yake yalikwenda kasi. Mwaka huo huo akawa mkurugenzi wa jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1908 akatoa vitabu viwili: kimoja cha kitaalamu juu ya matokeo ya safari, na kingine cha wasomaji wa kawaida, Negerleben in Ostafrika, ambacho jina lake lenyewe leo huwezi kulitamka bila kukunja uso. Mwaka 1909 kilitoka kwa Kiingereza, kikitafsiriwa na Alice Werner, mwanamke aliyejua lugha za Kibantu kuliko mwandishi, na aliyeweka maelezo chini ya kurasa pale alipoona profesa ameteleza. Werner baadaye akawa profesa wa Kiswahili London. Binafsi maelezo yake hayo madogo ndiyo ninayoyapenda kuliko sura nzima nzima za Weule.

Aliendelea kuandika vitabu vyepesi vilivyosomwa na watu wengi Ujerumani, kuhusu utamaduni, vita, mwanzo wa maandishi. Mwaka 1914 Leipzig ikapata taasisi ya utafiti wa mataifa chini yake. Mwaka 1920 akapewa uprofesa kamili wa somo hilo, wa kwanza nchini humo. Fikiria tarehe hiyo: koloni lenyewe lilikuwa limeshaondoka mikononi mwa Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza, lakini kiti kilichojengwa kwa safari ya kikoloni ndio kwanza kinapigiliwa misumari. Safari yake kubwa ya Afrika ilibaki ile moja. Miezi ya Newala ilimlisha miaka ishirini. Alifariki Leipzig tarehe 19 Aprili 1926.

Aliyerithi kiti chake mwaka 1927 ni Otto Reche, mtaalamu wa kupima mafuvu na damu, ambaye baadaye aliitumikia itikadi ya Wanazi ya mbari kwa moyo wote. Si haki kumtwisha Weule dhambi za mrithi wake. Ila mlango alioingilia Reche haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Kama umezoea kuandika kwamba kuna watu wa juu na watu wa chini, na kwamba uchunguzi wako unaisaidia serikali kuwatawala wa chini, anayekuja nyuma yako hana kazi kubwa ya kufanya.

Kwenye vimbweta vyetu mjadala huu hauishi. Kuna wanaosema vitabu kama hivi vitupwe, na kuna wanaovinakili vilivyo kwenye tasnifu zao kwa sababu tu ni vya zamani na vina picha. Wote wawili wananichosha. Mwanafunzi wa Newala akitaka kuandika juu ya kilimo cha babu yake, Weule atamfaa, ila amsome huku ameshika kalamu nyekundu.

Na asiishie kwake. Mwaka 1945 Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyegeuka mwanajiografia na aliyeijua Tanganyika kwa miguu kuanzia 1905, alichapisha makala kuhusu kilimo cha kuacha pori lipumzike kwenye uwanda wa Makonde. Pale ambapo maofisa waliona uzururaji, Gillman aliona hesabu: mchanga hauna nguvu, pori ndilo mbolea, ukilipa muda linarudisha. Alifariki mwaka uliofuata. Miaka ya 1950 maji yakaanza kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni kupanda uwandani, mradi ambao umekufa na kufufuka mara nyingi, na watu wa Newala na Tandahimba bado wanahesabu siku za mgawo. Halafu korosho ikashika ardhi. Mkorosho ukishapandwa hauhami, kwa hiyo lile pori la kupumzisha shamba likapungua mwaka hadi mwaka, na badala ya kulihesabia pori miaka, mkulima sasa anahesabu mifuko ya salfa na kusubiri bei ya mnada. Mwaka 2018 bei ilipogomewa na serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wengi wetu wa kutoka kule tuliuona msimu huo kwenye ada na matumizi, kabla hata ya bumu. Swali la Weule, watu hawa wanaishije huku juu, bado halijapitwa na wakati, ila wanaoweza kulijibu sasa wanakaa mabweni haya haya.

Vile vitu alivyobeba vilikuwa na safari yao. Jumba jipya la makumbusho la Leipzig lilianza kujengwa mwaka 1925, Weule akafa halijaisha. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Waingereza ziliupiga mji, jumba likaungua na maelfu ya vitu yakaungua nalo. Mitungi ya nta ya sauti ilihifadhiwa Berlin, kwenye hazina ya sauti ya mji huo. Wakati wa vita hazina hiyo ilihamishwa, ikachukuliwa na Warusi hadi Leningrad, ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na baada ya ukuta kuanguka ikarudi ilikotoka. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Katika mitungi ya Weule kuna nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi, na sauti za watu wa kusini walioimba mbele ya pembe ya mashine mwaka mmoja baada ya vita. Mtu akiwa na barua ya chuo anaweza kuomba kuzisikiliza.